Kabla hujanunua kiwanja Rumonge, pima na ulalo

RUMONGE, Burundi – Mfanyabiashara wa ndagala au mawese anayeanza kuizoea Rumonge, awe ametoka Kigoma, Uvira au Baraka, hachukui muda kugundua kwamba biashara ya hapa inataka mahali. Ndagala wanataka ua wa kuanikia. Madumu ya mawese yanataka ghala lenye kivuli. Mzigo unaosubiri boti, au lori la kwenda Bujumbura, kilomita takriban 75 kaskazini kwa barabara ya taifa namba 3, unataka pa kulala. Basi anatafuta kiwanja, cha kukodi au cha kununua, na siku ya kupima inafika.

Siku hiyo inafahamika ufukwe wote wa Tanganyika. Mmoja anashika mwanzo wa tepu, wa pili anaivuta, wa tatu anaandika. Upande wa barabara, mita 25. Upande wa jirani, mita 25. Upande wa ziwani, mita 25. Upande wa kurudi, mita 25. Mtu anatoa simu, anazidisha 25 kwa 25, anapata 625. Bei ilikwisha kukubaliwa kwa ari, na ari moja ni mita za mraba 100. Kiwanja ni ari sita na robo. Mashahidi wanatia saini, soda zinafunguliwa.

Katika karatasi hiyo hakuna aliyedanganya. Kila upande umepimwa kwa haki. Hata hivyo, kiwanja kinaweza kuwa na mita za mraba 625, au 600, au 336, bila karatasi kubadilika hata tarakimu moja. Mnunuzi wa kiwanja cha 336 amelipia ari sita na robo na kupata tatu na kitu. Ardhi iliyopotea, karibu nusu, ingetosha kuanikia ndagala wa boti kadhaa.

Anayetilia shaka achukue vijiti vinne vya urefu mmoja, avifunge kwa kamba kwenye kona, kisha aviweke mezani. Vitakaa kama mraba. Akisukuma kona moja kwa kidole, umbo linalala upande na kuwa kile ambacho vitabu vya shule Tanzania vinakiita rombasi: pande nne sawa, lakini kona mbili zimebanwa na mbili zimepanuka. Hakuna kijiti kilichorefuka wala kufupika. Akiendelea kusukuma, vijiti vinakaribiana mpaka vinalaliana, na nafasi ya ndani inakwisha kabisa. Kati ya mraba kamili na vijiti vilivyolaliana yapo maumbo yasiyo na idadi, na yote yana pande za mita 25.

Sasa aondoe kijiti kimoja na kufunga vitatu vilivyobaki. Hata fundo likiwa legevu, umbo halisukumiki. Vijiti vitatu vikishakutana, vimekutana kwa namna moja tu.

Mafundi wa vichanja wanalijua jambo hili kwa mikono. Zamani sehemu kubwa ya ndagala wa ufukwe huu walianikwa juu ya mchanga. Baadaye vichanja vya wavu wa waya vikaenea, kwa msaada wa miradi kama ile ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na samaki wakaanza kukauka bila mchanga na kwa haraka zaidi. Kichanja chenye miguu minne na fremu ya pembenne, kikipigwa misumari kwenye kona peke yake, huanza kuyumba mzigo wa kwanza ukipanda. Fundi hapotezi muda kuongeza misumari. Anapigilia ubao mmoja wa kukatisha kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya mkabala, na kichanja kinatulia. Ubao huo umeigawa pembenne kuwa pembetatu mbili. Kenchi za paa la ghala zinasimama kwa sababu hiyo hiyo, na mstari ule ule wa kukatisha, ambao kwa lugha ya hesabu unaitwa ulalo, ndio unaokosekana katika karatasi nyingi za kuuziana viwanja.

Majina ya shuleni na kazi yake

Watoto wa darasani hufundishwa kuzipanga pembetatu kwa urefu wa pande. Yenye pande tatu zinazolingana ni pembetatu pandesawa. Yenye pande mbili zinazolingana ni pembetatu pacha. Inayobaki ni ile ambayo kila upande una urefu wake. Mpangilio huu ni wa zamani sana: Euclid, Mgiriki aliyeandika mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, aliuweka mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha Elements, na jina la Kigiriki la pembetatu pacha maana yake ni yenye miguu sawa. Burundi na Kongo majina haya hufundishwa kwa Kifaransa, Tanzania kwa Kiswahili, kwa hiyo Mrundi na Mtanzania waliosimama kwenye kiwanja kimoja wanaweza kuwa wanaona umbo lile lile na kukosa neno la pamoja. Hilo ni tatizo dogo. Mita ni mita pande zote za ziwa.

Tatizo kubwa ni kwamba mpangilio wa pembetatu unatuzoesha vibaya. Kwa pembetatu, pande zinasema kila kitu. Ukijua kwamba pande ni 13, 14 na 15, umeshajua kona zake, umeshajua eneo lake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuchora pembetatu nyingine yenye pande hizo na eneo tofauti. Tukitoka kwenye tatu kwenda nne, tunachukua mazoea yale yale, nayo hayafai tena. Mraba na rombasi zina pande za aina moja. Mstatili na msambamba, yaani mstatili uliolala upande, zina pande za aina moja. Ndiyo maana kitabu cha shule, kikifika kwenye maumbo ya pande nne, huacha kutaja pande peke yake na kuanza kutaja kona. Wanafunzi wengi hulikariri hilo bila kuambiwa kwamba siku moja litagusa fedha zao.

Kwa kiwanja cha mita 25 kila upande, ulalo unamaliza ubishi papo hapo. Kikiwa mraba, tepu kutoka kona hadi kona ya mkabala itasoma mita 35 na sentimita 36 hivi, na itasoma vivyo hivyo ikikatishwa upande wa pili. Ikisoma 30 upande mmoja na 40 upande wa pili, hiyo ni rombasi ya mita za mraba 600. Ikisoma 14 na 48, ndiyo ile ya 336. Kwa rombasi, zidisha ulalo mmoja kwa mwingine, gawanya kwa mbili.

Viwanja vya mstatili vinafuata njia hiyo hiyo. Kiwanja cha 20 kwa 30 chenye kona za mraba kina mita za mraba 600, na ulalo wake ni karibu 36 kila upande. Kikilala kidogo, ulalo mmoja ukawa 26 na nusu na mwingine 43 na nusu, kimebaki na karibu 520. Ni macho ya nani yatakayoiona tofauti hiyo katikati ya migomba na mabanda ya jirani?

Mafundi waashi wana njia yao ya kuhakikisha kona: wanapima mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na kama tepu kati ya alama hizo mbili inasoma tano, kona ni ya mraba. Njia hiyo ni ya kuaminika, kwani pembetatu ya 3, 4 na 5 haiwezi kuwa na kona nyingine. Ila onyo moja. Kukuta ulalo huu na ule vinalingana hakutoshi kukiita kiwanja mstatili. Umbo lenye upande mfupi mbele na mrefu nyuma, likiwa limenyooka vizuri, nalo ulalo wake hulingana. Pande za mkabala nazo lazima zilingane.

Wastani unaompendelea muuzaji

Viwanja vya kweli, hasa ufukweni, mara chache vina pande zinazolingana. Barabara imepinda, jirani alitangulia, kijito kimekata. Hapo ndipo inapoingia hesabu ya wastani: jumlisha upande wa mbele na wa nyuma, gawanya kwa mbili, jumlisha wa kushoto na wa kulia, gawanya kwa mbili, zidisha. Wengi wanaiamini kwa kuwa inaonekana ya haki kwa pande zote.

Hesabu hii ina umri. Katika hekalu la Horus huko Edfu, Misri ya Juu, kuna maandishi ya ukutani ya zaidi ya miaka 2,000 yanayoorodhesha mashamba yaliyotolewa kwa hekalu, na maeneo yake yalipatikana kwa wastani huo huo. Hata shamba la pembetatu lilihesabiwa hivyo, upande wa nne ukiandikwa kuwa si kitu. Wataalamu wa hesabu walikwisha kuonyesha kwamba njia hii haipungukiwi kamwe. Ni sahihi kwa mstatili tu. Kwa umbo jingine lolote la pande nne, inazidisha. Ikitumiwa kutoza kodi, anayefaidi ni mtoza kodi. Ikitumiwa kuuza kwa ari, anayefaidi ni muuzaji.

Chukua kiwanja ambacho, ukikizunguka, unapata mita 13, kisha 14, kisha 25, kisha 20. Wastani wa 13 na 25 ni 19. Wastani wa 14 na 20 ni 17. Zidisha: 323, zaidi ya ari tatu. Sasa pima ulalo, kutoka kona zinapokutana 20 na 13 hadi kona zinapokutana 14 na 25, na tuseme tepu imesoma 15. Una pembetatu mbili: moja ya 13, 14 na 15, nyingine ya 15, 20 na 25.

Eneo la kila moja linapatikana kwa kanuni inayobeba jina la Heron wa Aleksandria, na simu ya kawaida inatosha. Jumlisha pande tatu, gawanya kwa mbili. Kutoka kwenye jibu hilo toa kila upande kwa zamu, upate namba tatu. Zidisha jibu la kwanza na namba hizo tatu zote pamoja, kisha tafuta kipeo cha pili. Kwa 13, 14 na 15: nusu ya jumla ni 21, ukitoa pande unabaki na 8, 7 na 6, 21 mara 8 mara 7 mara 6 ni 7,056, kipeo chake cha pili ni 84. Kwa 15, 20 na 25, nusu ya jumla ni 30, unabaki na 15, 10 na 5, na eneo ni 150. Kiwanja kizima ni mita za mraba 234.

Wastani ulisema 323. Mita za mraba 89 hazikuwahi kuwepo.

Kama kiwanja kina kona iliyoingia ndani, kama meno yaliyong'olewa, ulalo wa kupima ni ule unaopita ndani ya ardhi, si ule unaokatisha uani kwa jirani. Na kiwanja cha pande tano kinataka ulalo mara mbili, cha pande sita mara tatu, mpaka kimegawanyika chote kuwa pembetatu. Hakuna umbo la pande zilizonyooka lisilogawanyika hivyo, na hapo ndipo ilipo faida ya pembetatu kwa mtu asiye na mpimaji.

Pembetatu inasaidia pia kukamata karatasi mbovu kabla hata ya kutoka ofisini. Upande mrefu wa pembetatu lazima uwe mfupi kuliko jumla ya pande mbili zilizobaki. Karatasi ya kiwanja cha pembetatu inayosema mita 12, 18 na 32 inaeleza kitu kisichowezekana, kwa kuwa 12 na 18 ni 30, na pande hizo hazitakutana kamwe. Kwa pande nne, mrefu kuliko zote lazima uwe mfupi kuliko jumla ya tatu zilizobaki. Aliyeandika hivyo amekosea kusoma tepu, au hakuipeleka tepu shambani.

Wanaovuka mpaka wana mtego mwingine wa vipimo. Burundi na Kongo zinahesabu kwa ari na hekta. Mtanzania amezoea eka, na vijijini eka ni hatua 70 kwa 70. Eka kamili ni mita za mraba 4,047 hivi, yaani ari 40 na kidogo, na hatua 70 zinaifikia endapo kila hatua inakaribia sentimita 91. Mtu wa hatua ya sentimita 80 akitembea 70 kwa 70 atafunga mita 56 kwa 56, ambazo ni ari 31. Hapo hata kona bado hazijaangaliwa. Na asitegemee ramani ya simu: simu ya kawaida inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha mita 25 kosa la mita tano ni sehemu moja ya tano ya upande.

Michikichi kwa pembetatu

Kuna mahali Rumonge ambapo pembetatu pandesawa inafanya kazi hadharani, nako ni kwenye michikichi. Ukanda huu ndio kitovu cha mawese ya Burundi, na nafasi inayopendekezwa na wataalamu wa zao hili katika nchi nyingi ni mita tisa kati ya mti na mti, miti mitatu jirani ikifanya pembetatu yenye pande sawa. Mkulima anayepanda kwa mraba wa mita tisa anapata miti 123 kwa hekta. Anayepanda kwa pembetatu ya mita tisa anapata 143. Kila mti una umbali ule ule na jirani zake, majani yanapata jua lile lile, na mistari inasogeleana hadi mita saba na sentimita 80 hivi.

Kupanga hivyo hakutaki chombo. Kamba ya mita 27 yenye alama kila mita tisa, watu watatu wakishika alama na kuvuta, inatoa kona tatu bila kukosea. Vituo kama Kihinga, kituo cha utafiti wa michikichi cha Tanzania mkoani Kigoma, vinapogawa miche bora, nafasi ya kupandia ni sehemu ya ushauri.

Kwa mfanyabiashara anayenunua mavuno yakiwa bado mtini, hesabu hii ni kipimo cha maneno ya muuzaji. Anayesema ana hekta mbili na miti 280 anaeleza shamba lililopandwa kwa pembetatu. Anayesema hekta mbili na miti 400 ana miti iliyobanana, yenye kuzaa kidogo kwa kugombea mwanga, au hana hekta mbili. Mashamba ya zamani yenye michikichi iliyojiotea kati ya mihogo na migomba hayafuati kanuni yoyote, na huko hakuna njia ila kuhesabu mti mmoja mmoja.

Nusu kwa nusu

Mita za mraba katika ukanda huu si suala la bei pekee. Mwaka 1972 maelfu ya watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji wakavuka kwenda Tanzania, na ardhi waliyoiacha ikapata wakazi wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali. Waliporejea kwa wingi katika miaka ya 2000, kila kipande kilikuwa na madai mawili, na wote wawili mara nyingi walikuwa na sababu. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kusuluhisha. Katika miaka yake ya mwanzo, njia iliyopendelewa ilikuwa kugawana.

Kugawana nusu kwa nusu ni rahisi kutamka. Shamba likiwa mstatili au msambamba, kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala inalikata katika nusu mbili sawa kabisa. Kwa umbo jingine la pande nne kamba hiyo hiyo inaweza kuwa dhuluma. Chukua shamba lenye upande wa barabarani wa mita 30 na upande wa chini wa mita 10, pande hizo zikiwa sambamba na umbali wa mita 20 kati yake. Eneo lote ni mita za mraba 400. Ulalo unalikata katika 300 na 100. Mmoja amechukua robo tatu, na aliyebaki na robo ameshika karatasi inayosema nusu. Katika shamba la namna hiyo, kamba sahihi ni ile inayotoka katikati ya upande wa mita 30 hadi katikati ya upande wa mita 10.

Mfanyabiashara anayenunua leo kipande kilichowahi kugawanywa ananunua pia mstari huo. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 2011 ilifungua njia ya komini kutoa vyeti vya ardhi kupitia ofisi zake za ardhi, baada ya majirani kuitwa kushuhudia mipaka. Cheti ni bora kuliko karatasi ya mashahidi wawili, bila shaka. Lakini anayepima ni binadamu, na mnunuzi mwenye kamba yake anaweza kurudia kipimo kabla ya fedha kutoka mfukoni. Nusu saa inatosha.

Ziwa linapochukua kigingi

Ubaya wa upande wa ziwani ni kwamba hautulii. Tanganyika lilipanda sana mwaka 1964, na katika miaka ya karibuni limepanda tena: mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia kwenye nyumba, barabara na bandari kutoka Gatumba hadi Rumonge, na ng'ambo hadi Uvira, Kalemie na Kigoma. Lukuga, karibu na Kalemie, ndiyo njia pekee ya maji kutoka, na ziwa hili huchukua miaka kurudi nyuma. Burundi, kwa upande wake, inahesabu ukanda wa mita 150 kutoka majini kuwa eneo la hifadhi, kwa hiyo anayeonyeshwa kiwanja ufukweni kabisa ana swali la kuuliza kabla hata ya kufungua tepu.

Tuseme kiwanja kiko juu ya ukanda huo, na bado mafuriko yakakifikia. Vigingi viwili vya juu, karibu na barabara, vimesalia. Viwili vya chini vimekwenda, pamoja na mnyaa uliopandwa kuwa mpaka. Maji yakirudi, mwenye kiwanja na jirani wanasimama kwenye matope, kila mmoja akikumbuka kigingi mahali pake.

Karatasi yenye pande nne tu haiwasaidii. Inasema kigingi cha chini kilikuwa mita 25 kutoka cha juu, lakini haisemi kuelekea wapi. Kamba ya mita 25 inaweza kuzungushwa kama mbuzi aliyefungwa, na kila mahali inapofika ni sahihi kwa mujibu wa karatasi. Ile ile hali ya vijiti vinne, sasa ikiwa na majirani wawili wenye hasira.

Karatasi yenye ulalo inasema zaidi. Kigingi kilichopotea kilikuwa, kwa mfano, mita 25 kutoka kigingi cha kwanza cha juu na mita 30 kutoka cha pili, na vigingi hivyo viwili viko mita 25 kutoka kimoja hadi kingine. Pande tatu, pembetatu moja. Funga kamba ya mita 25 kwenye kigingi cha kwanza na ya mita 30 kwenye cha pili, vuta zote mbili mpaka ncha zikutane, chomeka kijiti. Rudia kwa kigingi cha nne. Wapima ardhi wamefanya kazi kwa pembetatu kwa muda mrefu. Ule mnyororo mkubwa wa pembetatu uliopimwa kufuata longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri na kukamilika mwaka 1954, ulipita katika eneo hili la maziwa, nao ndio uliofunga ramani za nchi zetu pamoja.

Kamba mbili, kusema kweli, hukutana mahali pawili: upande wa ziwani, na ng'ambo ya barabara. Hakuna atakayebishania pa ng'ambo ya barabara. Kazi inayobaki ni kuhakikisha kwamba vigingi viwili vya juu havikusogezwa wakati maji yalipokuwa yamejaa, na hiyo hupimwa kwa tepu kutoka kwenye kitu kisichohamishika, kama kona ya jengo la zamani au nguzo ya daraja, ikiwa siku ya kununua mtu alikumbuka kuandika umbali huo nao.